Lukresia na nyumba aliyodhani mgeni angemwachia

Ukungu wa Matogoro bado haujainuka, na baridi ya Juni hapa Songea si ya kufanyia utani. Lukresia Mbawala amepiga magoti barazani, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya sweta la mtumba, anasugua sakafu kwa kipande cha blanketi kilichochovywa rangi nyekundu. Anasugua kwa duara, anarudi nyuma kidogo, anasugua tena. Ukiinama juu ya sakafu hiyo unajiona.

Mlango wa chumba cha pili unafunguka. Anatoka mgeni wa kutoka Dar es Salaam, amejitanda blanketi la nyumba, kikombe cha chai mkononi. Anavuta pumzi ndefu, anatazama milima, kisha anauliza swali ambalo wageni wote wa hapa huuliza kabla hawajamaliza kunywa chai.

"Shikamoo mama. Hivi huku kiwanja kinakwendaje?"

"Marahaba. Waulize madalali, baba. Wapo Majengo, wamejaa tele."

Anajibu bila kuinua kichwa. Mgeni anacheka, anaenda zake uani kutazama miparachichi. Hajui kwamba amemuuliza bei ya ardhi mtu ambaye baba yake alilima hapo hapo anapokanyaga.

Lukresia ana umri wa miaka hamsini na saba. Ni mjane, mama wa watoto wawili, Getruda na Aidan. Kazi yake ni kufagia, kusugua, kufua mashuka na kuwasha moto jioni katika nyumba hii ya wageni iliyofunguliwa Januari mwaka huu wa 1997. Kabla ya hapo aliitunza nyumba hii hii kwa miaka minane, ilipokuwa makazi ya mtu mmoja na familia yake. Na kabla ya nyumba, palikuwa shamba lake.

Hadithi yenyewe inaanzia mwaka 1988. Bwana Tumsifu, mhasibu wa shirika moja la umma, mtu wa Upare, alikuwa amechoshwa na kelele za mjini. Alipanda mlimani siku ya Jumamosi na mkewe na binti yao Judica, wakapiga hodi kwa Lukresia na marehemu mumewe Leo. Walibeba kreti la soda na kilo mbili za sukari. Enzi zile mtu akikuletea sukari kilo mbili, unamkaribisha mpaka ndani.

"Alikaa kwenye kigoda, mtu mkubwa vile," anakumbuka Lukresia. "Akasema, mama, tunaomba mahali pa kujenga, tupumue hewa. Alisema tunaomba. Mimi na Leo tukatazamana. Tukampa."

Wakampa. Ndivyo ilivyokuwa desturi pande hizi tangu wazee. Mgeni anakuja, anaomba mahali, anaonyeshwa. Atalima, atajenga, atazaa na watoto. Siku akihama, ardhi inarudi kwa waliompa, wala hakuna anayegombana na mwenzake. Kitu pekee alicholipia Bwana Tumsifu ni mibuni, migomba na mipera iliyokuwa shambani. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwapo, bwana shamba akahesabu miti, Lukresia akapokea shilingi elfu ishirini na mbili, akaezekea mabati nyumba yake ndogo iliyoko chini kidogo ya njia.

Nani angemlaumu kwa kuelewa alivyoelewa? Serikali yenyewe ilikuwa ikisema ardhi tupu haina bei, kinacholipiwa ni jasho lililoko juu yake. Lukresia na sheria walikuwa wanasema jambo moja. Aliyekuwa njiani kuja kusema lingine ni soko, na soko wakati ule lilikuwa bado halijapanda mlima.

Nyumba ilipokwisha, Bwana Tumsifu alimwomba Lukresia amtunzie. Mshahara haukuwa wa kutisha. Hata mwaka jana ulikuwa shilingi elfu nane kwa mwezi, na ipo miezi haukutoka kabisa. Lakini mama huyu alifanya kazi kama mwenye mali. Mvua ilipokata ukingo wa nyuma, alichimba mtaro mwenyewe akayageuza maji. Alipanda miparachichi, akapanda misindano kuzunguka ua, akapanda maua ambayo hakuna aliyemtuma kuyapanda.

"Majirani walinicheka. Walisema Lukresia anajipendekeza kwa bosi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Hawakujua. Kila mti nilioupanda hapa niliupanda kwangu."

Mwanawe Aidan ni fundi uashi. Anakaa Bombambili na mke na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga. Yeye ndiye aliyejenga meko ya ukutani na bomba la moshi katika nyumba hii, kwa nusu ya bei, maana mama yake alimwambia atakayeota moto ule siku za mbele ni yeye na wanawe. Mwaka 1991 viwanja vya Bombambili vilipokuwa vinagawiwa kwa ada ya shilingi elfu kumi na tano, Aidan alikuwa nazo mkononi.

Alikwenda kwa mama yake kuaga kwamba anakwenda kulipia. Lukresia akamkataza.

"Nilimwambia, mwanangu, hizo pesa soma nazo au nunua baiskeli. Kiwanja cha nini? Baba Judica ni mtumishi. Watumishi huhamishwa. Siku akihamishwa wewe utakaa kule juu."

Aidan akanunua baiskeli. Kiwanja cha jirani na kile alichokiacha kiliuzwa mwezi uliopita kwa shilingi laki mbili na nusu. Lukresia anaitaja bei hiyo polepole, macho yako kwenye sakafu, na mtu anayemsikiliza anaona wazi kwamba hapo ndipo panapomuuma. Shamba la baba yake linamsikitisha, ndiyo. Lakini kwa ulimi wake mwenyewe alimzuia mtoto asipate pa kulaza watoto wake, na hilo halimpi usingizi.

Wakati huo nchi ilikuwa inabadilika kwa kasi ya ajabu. Biashara iliruhusiwa, mahindi yakanunuliwa na watu binafsi, maduka ya Majengo yakajaa. Waliopata pesa wakaanza kutazama juu, kwenye baridi na ukungu. Leo hii Matogoro kipande kitupu, hakina hata mgomba, kinaitwa kiwanja cha mapumziko na kinaulizwa kwa laki sita. Wanakuja watu wa Dar es Salaam, wanakuja watu wa miradi na magari yao, kila mmoja anataka baraza inayotazama mlima.

"Zamani nilikuwa nauza tumbaku," anasema Dionis, mmoja wa madalali wanaoshinda Majengo na baiskeli zao. "Tumbaku ikanitupa mkono. Mlima haujawahi kunitupa. Mzee mmoja nikimpelekea mteja asubuhi, jirani yake ananifuata jioni, anauliza mbona yeye namruka."

Mabadiliko hayo hayo yaliyowanenepesha wengine ndiyo yaliyomng'oa Bwana Tumsifu. Shirika lake lilipunguza wafanyakazi, naye alikuwamo. Alihangaika mwaka mzima, maji yakamfika shingoni. Novemba mwaka jana akamwita Lukresia sebuleni.

"Mama Getruda," alimwambia, "sisi tunafunga virago. Desemba tunarudi Upare."

Lukresia anasema alimhurumia kwa dhati, maana walikuwa wameishi vizuri. Lakini hafichi kwamba moyo wake uliruka. Siku aliyoingojea ilikuwa imefika.

"Poleni sana, Baba Judica. Basi funguo nitazishika mimi."

"Ndiyo, uzishike mpaka Bi Biasha atakapokuja."

"Bi Biasha ni nani?"

Bi Biasha, aliambiwa, ni mfanyabiashara wa kutoka Tunduru. Alikuwa amenunua nyumba na uwanja wake wote kwa shilingi milioni nne na nusu. Nusu ya pesa hizo ilikuwa imekwisha kulipa madeni.

Lukresia alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. Akamweleza Bwana Tumsifu, kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba mahali hapa hakumuuzia. Kwamba alimkaribisha. Bwana Tumsifu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja kwa sauti ya chini.

"Mama Getruda, ina maana miaka yote minane ulikuwa unangoja niondoke?"

"Sikukungoja uondoke, baba. Nilijua utaondoka. Mgeni huondoka."

Mzee yule alilia. Lukresia anasema hivyo bila kumsuta, na anaomba iandikwe kwamba hakuwa mtu mbaya. Alidhani amenunua, kwa sababu alitoa pesa. Yeye Lukresia alidhani hakuuza, kwa sababu alipokea pesa za miti. Kwa miaka minane walikunywa chai meza moja na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake. Siku ya kuondoka Bwana Tumsifu alimwachia ng'ombe wake wa maziwa. Aidan hakutaka hata kumwona ng'ombe huyo, lakini mama akampokea. "Ng'ombe ana kosa gani?" anauliza.

Lukresia alikwenda ofisi ya ardhi kulalamika. Kijana wa mezani alimsikiliza kwa adabu zote, akampa kiti, akamwambia mama, ulilipwa ukaridhika, hapa hatuna la kufanya. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Bi Biasha naye alipofika alikuwa amekwisha kusikia habari. Alimfuata Lukresia kwake, akakaa mkekani. "Wallahi mama, mimi nimenunua kwa haki, Mungu ni shahidi yangu, wala sikuambiwa kitu," alisema. "Lakini usiiache nyumba. Hakuna anayeijua kama wewe." Akaigeuza nyumba kuwa ya wageni, akampandishia mshahara hadi elfu kumi na tano. Ndiyo maana leo Lukresia bado yuko barazani. Anasema asingekubali, kama si wajukuu.

Hapo mtu angedhani simulizi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu mwezi wa Machi Dionis dalali alishuka bondeni.

Lukresia ana bustani kule chini, penye chemchemi, anakolima kabichi na maharage wakati wa kiangazi. Dionis alikuwa amepata mteja anayelitaka lile bonde ili avute maji kwenda kwenye nyumba zake za kupangisha. Bei aliyoitaja ingemtosha Aidan kununua kiwanja Bombambili na kuanza msingi. Aidan aliposikia, alikuja mbio na baiskeli yake.

"Nilimwona mwanangu anacheka. Sijamwona akicheka tangu Desemba," anasema Lukresia. "Nikamwambia, Aidan, lile bonde si letu."

Ndivyo ilivyo. Baba yake Lukresia hakuwa na ardhi yenye maji. Aliiomba kwa ukoo wa Mzee Polikarp, wakampa, zamani, Lukresia akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba alilima mpaka akafa, binti akaendelea. Hakuna mtu aliyewahi kuwadai. Mzee Polikarp sasa haoni vizuri, wanawe wametawanyika, na wajumbe wa leo hawakuwa wamezaliwa. Lukresia akisema ni lake, nani atabisha?

Aidan alilisema hilo hilo, tena kwa ukali. Alisema mama, wewe ulimwachia mgeni akaondoka na chetu, leo unataka kuwarudishia watu ambao hata hawakumbuki. Alisema watoto wangu watalala wapi, kwenye heshima yako? Kisha akapanda baiskeli. Tangu Pasaka hajakanyaga kwa mama yake.

"Ana haki ya kukasirika," anasema Lukresia. "Nimemkosesha mara ya kwanza kwa kutojua. Safari hii namkosesha huku najua. Nimelia sana. Kuna siku niliamka nikafika mpaka Majengo kumtafuta Dionis nimwambie auze. Nilimwona pale, na baiskeli yake. Nikapita kama simjui."

Anakung'uta blanketi, anahamia pembe ya mwisho ya baraza. Amekwisha kumtumia Getruda ujumbe aje kutoka Mbinga. Jumapili ijayo, baada ya misa, watakwenda kwa Mzee Polikarp. Atasema mbele ya watu kwamba bonde ni la ukoo wake, kwamba baba aliliomba, na kwamba yeye sasa anatoka. Ataomba aachiwe avune maharage yaliyoko, basi. Aidan amepelekewa habari. Hajajibu, ila mkewe amesema atamsukuma aje.

Matumaini yake mengine ni madogo madogo. Maziwa ya ng'ombe anayauza kwa walimu, na kila mwisho wa mwezi ananunua tofali kadhaa anazipanga nyuma ya nyumba. Kiwanja cha kuzijengea hana. Anasema atampa Aidan hata akizikataa.

Na yeye mwenyewe, bila bonde, atalima wapi kiangazi kijacho?

Lukresia ananyoosha mgongo. Mgeni wa Dar es Salaam amerudi kutoka uani na anamsifu kwamba miparachichi imestawi sana, anauliza ni nani aliyeipanda. Anamjibu kwamba ni yeye, kisha anageuka kulijibu lile swali la atalima wapi.

"Nitaomba mahali, kama alivyoomba baba yangu," anasema. "Sijui tu kama siku hizi mtu akikupa, mnakuwa mmeelewana amekupa nini."