Utupa wa Yiti

Samaki hawakufa, na bibi akalia. Majuzi nimeuona tena mmea ule wa maua ya zambarau, umeota mchangani nyuma ya ofisi yetu Al Khuwair, hapa Muscat, nikakumbuka harufu ya majani mabichi yaliyopondwa.

Bibi alikuwa ameletwa kutoka Pemba kuishi nasi, na chakula kilikuwa hakimpiti. Mchana ule baba alipotupeleka Yiti, pwani ya nje ya mji, aliuona mmea huo ufukoni akacheka.

"Utupa huu! Kwetu twavulia samaki. Ikiwa umeota huku, na mie ntaota."

Akauponda kwa jiwe, akautia kwenye kidimbwi kilichoachwa na maji kupwa. Tukangoja samaki walewe na kuelea, hadi jua likatuchoma migongo. Samaki waliendelea kuogelea.

"Usilie, bibi. Baba atatununulia wengine sokoni."

"Sililii samaki, mjukuu wangu."

Sasa najua ule si utupa wa Pemba, ni jamaa yake tu. Siku ile, garini tukirudi, baba alimuuliza, "Mama, ushapazoea huku?" Bibi akatazama dirishani. Tulimzika hapa hapa Muscat, na mpaka leo baba hajui jibu lake.