Nilitia tiki kwa chanjo ya mutoto wangu, na yeye alikuwa ng'ambo ya ziwa

Wakuu, hamujambo huko? Mie niko Nchelenge, upande wa Zambia, kando ya ziwa Mweru. Nilitoka Congo, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha Katanga. Mucheke pole pole. Mambo ninayoandika ni ya kweli, na aliyekosea ndani yake ni mie mwenyewe.

Nauza samaki. Kliniki ilinichagua volontaire, mutu wa kujitolea, juu niko na mwandiko muzuri. Kazi yangu ni kuandika batoto ba mtaa wetu kwenye kaye, daftari la kliniki, na kutia tiki kwa kila aliyepata chanjo.

Ile kaye niliipenda! Bibi yangu, ndiyo muke wangu, Mama Mwadi, alisema ningemutazama yeye vile natazama kaye, tungekuwa na batoto kumi.

Bon. Siku ya chanjo ya surua ikafika. Bamama bengi balikuja, lakini batano balikuwa bamevuka na samaki kwenda Kilwa, batoto mugongoni. (Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa. Si ile yenu ya pwani, mutulie.) Bibi yangu na mutoto wetu Mwadi balikuwa kati yao.

Ukurasa ukabaki na nafasi tano tupu, sawa kinywa cha muzee. Nikaona haya. Nikasema moyoni, si batarudi tu? Batachomwa wiki ijayo.

Nikatia tiki zote tano.

Sister Chanda, muuguzi wetu, akanisifu: "Mtaa wako umetimia, batata." (Ni "baba" kwa Kibemba, si kiazi.)

Siku mbili nilitembea sawa mutu wa serikali.

Kisha surua ikatokea upande wa Chienge. Sister akafungua vitabu. Akasema sindano zilizobaki zitaenda Mununga, upande ule ule, kwenye batoto bengi habajapata. Mtaa wangu? Umetimia. Unarukwa.

Wakuu, nilirudi kuuza samaki bila kumuambia Sister ukweli.

Mama Mwadi akarudi, akakuta kaye juu ya meza. Kusoma ananishinda. Kidole chake kikashuka mustari kwa mustari, kikasimama.

"Baba Mwadi, huyu Mwadi alichomwa siku gani?"

"Ile siku ya chanjo..."

"Kumbe! Mutoto wa mwaka mumoja alivuka ziwa peke yake, akachomwa, akarudi Kilwa kunyonya. Na mie sikuona!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikamata kaye, akanikamata na mie, tukaenda kliniki.

Nikakiri yote. Sister Chanda hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Bale bane bengine ni ba nani?"

Sindano zikazuiwa kwanza, zisiende Mununga. Bamama bale nao balikuwa bamerudi; tukapita nyumba kwa nyumba, tukiangalia kadi za chanjo. Batatu balikuwa bazima, bakachomwa pamoja na Mwadi. Mwadi alilia akinitazama mie, si muuguzi.

Wa nne alikuwa mutoto wa jirani yetu, Mama Kazadi. Homa kali, macho mekundu, vipele nyuma ya masikio. Nilimubeba mwenyewe mpaka kliniki. Alilala kule wiki nzima. Alipona, Mungu asifiwe.

Nilimuambia mama yake ukweli.

"Andika na hiyo kwenye kaye yako," akasema.

Donc, sasa asiyekuwako naandika "hayuko, yuko Kilwa". Sister anatuma foto ya ukurasa kwa muuguzi wa kule. Mama akifika, mutoto anachomwa kule kule, na habari inarudi kwa simu.

Tena kila mwezi nasoma majina kwa sauti kwenye soko ya samaki. Bamama banasahihisha bila huruma. Juzi balinionyesha kwamba Josefu, Kyungu na Zozo, batoto batatu kwenye kaye yangu, ni mutoto mumoja! Jina la kanisa, la babu, na la nyumbani. Na mie nilikuwa namuhesabu mara tatu, najisifu.

Nilichojifunza ni hiki: nafasi tupu ingeleta sindano mulangoni. Tiki yangu iliifukuza.

Mama Kazadi ananisalimia tena. Ila kila tukipitana njiani, anatoa kadi ya mutoto wake, ananionyesha, bila kuulizwa. Naisoma yote. Namushukuru.

Haya wakuu, wewe uliyewahi kujaza fomu ili ipendeze tu, njoo useme hapa, usiniache peke yangu. Na bauguzi muliomo humu: mutoto mwenye majina matatu, munamuandikaje?