Kimya cha Mwenye Kuku

Kwanza niliisikia mashine. Dirisha lilikuwa bado limefungwa, giza la alfajiri limejaa chumbani, nami nimelala nikiyapitia moyoni maneno ya Kiingereza niliyoyakariri jana yake, ndipo mngurumo ukaanza upande wa shambani. Ukapanda, ukakwama, ukapanda tena. Ilikuwa mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Kila mtu Nkowe anaujua mlio huo wa msimu wa maua, na wengi wakiusikia hufurahi. Mimi nilijifunika shuka hadi kichwani, kwa sababu mikorosho iliyokuwa ikipuliziwa ilikuwa ya baba yangu, na aliyeibeba mashine mgongoni hakuwa baba yangu.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Arobaini ilipopita, kaka yake, baba mkubwa wangu, alikuja asubuhi moja na vibarua, akaanza kupalilia chini ya miti yetu. Mama alikuwa uani akipepeta mtama. Alimwona. Ungo ukasimama kidogo mikononi mwake, kisha akaendelea kupepeta. Korosho zilipoanza kudondoka, zilibebwa kwenda kwa baba mkubwa. Mama hakusema neno. Mimi pia sikusema. Baba mkubwa ana sauti ya upole, mtu wa kuuliza mmeamkaje na kusubiri mpaka umjibu vizuri. Upole ule ndio ulionitisha. Mtu anayekugombeza unaweza kumjibu. Huyu alitusalimia kila asubuhi akielekea kwenye miti yetu, nasi tukamwitikia.

Mwaka ule wa mashine ndio niliojiandikisha kwa ajili ya mtihani. Alama zangu za kidato cha sita hazikutosha kunipeleka chuo kikuu, na njia iliyobaki ilikuwa mtihani wa kujiunga unaofanywa na watu wazima kama mimi, wenye umri lakini wasio na alama. Nikachagua sheria. Mama alipowaambia majirani, aliwaambia kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa mtu wa ndani. Hatukuwahi kukaa tukazungumza kwa nini iwe sheria. Hakukuwa na haja. Dirisha lilikuwa linaitazama mikorosho. Nikifaulu, siku moja mtu wa nyumba yetu angejua pa kuanzia. Nikishindwa, tungeendelea kuitikia salamu.

Aliyenifundisha ni jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, Mngoni aliyeletwa kwetu na ajira na akazoea. Wangoni na sisi Wamwera ni watani. Mtani wa kwetu ataingia jikoni bila hodi afunue chungu, atakutukana mbele ya mama yako, atachukua kitu chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Siku ya mazishi ya baba, watu wamejiinamia na hakuna anayethubutu kumtazama mama usoni, mwalimu alivaa koti la marehemu, akatembea uani kwa ule mwendo wa baba wa kuburuta mguu wa kushoto, akilalamika kwamba kaburi walilomchimbia ni fupi na yeye hapendi kukunja magoti. Kisha akamkamata jogoo wetu, akamweka kwapani, akaondoka naye. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amecheka tangu baba alazwe.

Basi mwalimu alikuja kila jioni.

"Mtumwa wangu," alianza, akivuta kigoda bila kukaribishwa, "unasoma sheria ili unishtaki kwa jogoo?"

"Kwa jogoo na koti, mwalimu."

"Koti halirudi. Linanipendeza kuliko lilivyompendeza mwenyewe."

"Mngoni mwizi, kunywa chai uwafundishe watoto wa watu," mama alisema.

"Chai kavu? Ndiyo maana babu zetu waliwapitia nyie Wamwera. Walikuwa wanatafuta kitafunwa."

"Wakakikosa, wakaondoka mbio," mama alijibu, na mabega yake yakatikisika.

Lakini vicheko vikiisha, mwalimu alibadilika. Alinipa visa vidogo vidogo alivyovitunga mwenyewe, kwa Kiingereza, akaniketisha niandike huku yeye akinisimamia. Nani amefanya nini? Alikusudia nini? Mwenye mali alisema nini? "Usikimbilie jibu," alikuwa akiniambia. "Wewe una haraka ya kufika. Soma tena." Nilisoma tena, na maneno niliyoyajua yakageuka wageni. Kuna jioni niliandika ukurasa mzima, na nilipoinua macho nikaona kwamba kalamu ilikuwa imekauka tangu mstari wa pili. Nilikuwa nimekwaruza karatasi tupu bila kutambua. Mwalimu hakunitania kwa hilo. Kutotaniwa na mtani kulinitisha zaidi.

Siku chache kabla ya safari, baba mkubwa alisimama mlangoni kwetu, mikono yake ina manjano ya salfa.

"Nasikia mwanangu anataka uwakili."

"Najaribu, baba mkubwa."

"Vizuri sana. Ukoo unahitaji mtu wa kutusemea." Alitabasamu kwa dhati. "Uende salama."

Mama alikuwa ndani. Nilimsikia akiacha kuosha vyombo, na hakuendelea mpaka nyayo za baba mkubwa zilipopotea.

Mtihani ulikuwa Nachingwea. Nilipanda bodaboda hadi Ruangwa mjini, nikapata gari, nikalala nyumba ya wageni ambayo kitanda chake kilinung'unika kila nilipogeuka, nami niligeuka sana. Asubuhi tungeandika, mchana tungeitwa mmoja mmoja kuhojiwa juu ya kile tulichoandika. Tuliingizwa darasani. Wengi walikuwa wakubwa kuliko mimi; kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akamkabidhi kwa dada yake mlangoni, na mtoto akalia sauti moja ndefu mpaka karatasi zikagawiwa.

Swali kuu la sheria, nikilitia Kiswahili, lilikuwa hivi: mtu anaingia uani kwa jirani yake mchana, anachukua kuku na kuondoka naye. Jirani anamwona na hasemi neno. Je, ni wizi? Eleza.

Nilitabasamu. Baada ya miezi ile yote ya kutetemeka, nikatabasamu. Nilimwona mwalimu na jogoo kwapani. Niliandika bila kusita kwamba huo si wizi, kwa kuwa kimya cha mwenye kuku kinaonyesha wazi kwamba aliyechukua ni mtani wake. Neno la Kiingereza la mtani sikulijua, nikaliandika kwa Kiswahili na kulipigia mstari. Nikaeleza misiba. Nikaeleza vyungu vinavyofunuliwa. Sikusoma tena. Nilitoka nikijiona mwepesi.

Kwenye kibaraza tulikaa kungoja kuitwa. Karibu nami alikaa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ruponda, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri hadi kwenye kola.

"Lile la kuku lilikuwa la kutupa," alisema. "Wizi. Kunyamaza siyo kukubali."

"Na kama ni mtani wake?"

Aligeuka akanitazama. "Mtani katoka wapi? Swali limemtaja?"

Akaninyooshea kidole.

"Wewe Mmwera?"

"Ndiyo."

"Nilijua." Aliwageukia wenzake. "Huyu kamtetea mwizi kwa utani. Siku ya kwanza mahakamani atamwambia hakimu, mheshimiwa, mteja wangu ni Mngoni, mwacheni aende na ng'ombe."

Walicheka, si kwa ubaya. Mimi mwenyewe ningecheka lingekuwa la mwingine. Lakini nililirudia swali kichwani neno kwa neno, nikilitafutia mtani mahali pa kukaa, na hakuwamo. Nilikuwa nimemwingiza mimi. Niliwaza mama akiulizwa na majirani, na jinsi atakavyojibu kwa sauti ile ile ya chini. Jina langu lilipoitwa, nilisimama nikaingia.

Ndani walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke katikati, miwani yake imeshuka puani. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake. Nililiona neno langu lenye mstari.

"Utaongea Kiswahili au Kiingereza?"

"Kiswahili, mheshimiwa."

"Huyu mtani. Umemtoa wapi?"

"Kwetu, mheshimiwa."

"Swali haliko kwenu. Liko hapa."

"Ndiyo. Lakini kwetu mtu akichukua kuku mchana, na mwenyewe anatazama na hasemi, huwa ni mtani."

"Huwa," alilirudia neno. "Kila mara?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Ningesema, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika, na kuigeuza karatasi yangu mwenyewe kulinitia hofu kuliko kukosea. Ndipo nilipomwona mama uani, ungo umesimama mikononi, vibarua wanapita. Alikuwa akitazama. Hakusema. Nilikuwa nimekaa na kimya kile mwaka mzima, nimelala nacho, nimekula nacho, na sikuwa nimewahi kukiuliza ni kimya cha namna gani.

"Siyo kila mara," nilisema.

"Utatofautishaje?"

"Ningemtazama mwenye kuku."

"Umtazame nini?"

"Kama amecheka."

Mmoja wa wale wanaume aliinua kichwa. Mwanamke hakuondoa macho kwangu. "Na kama hakucheka?"

"Basi ameogopa."

"Kwa hiyo?"

Nilijua kwamba jibu nitakalotoa halitaishia katika chumba kile. Kwamba nikishalitamka nitarudi nalo nyumbani, na nyumbani kuna mtu anayetusalimia kila asubuhi.

"Kwa hiyo ni wizi," nilisema. "Hata kama ni ndugu."

"Swali halikumtaja ndugu pia," alisema mwanamke, na akaandika kitu ambacho sikuweza kukisoma. "Majina yatabandikwa. Mwite anayefuata."

Nilirudi Nkowe kesho yake alasiri. Baba mkubwa alikuwa amekaa sebuleni kwetu, kwenye kiti cha baba, kikombe cha chai kimeshafika nusu. Mama alikuwa kwenye mkeka, akichambua mchele kwenye ungo.

"Wakili huyo," alisema baba mkubwa. "Haya, tueleze. Walikuuliza nini?"

Ningeweza kudanganya. Maswali yalikuwa mengi. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu una ujasiri wake wa kijinga. Nikamweleza lile la kuku.

Alicheka. "Swali la watoto hilo. Ukajibu nini?"

"Nilisema inategemea aliyenyamaza. Kama alicheka, au alinyamaza kwa kuogopa."

"Na kama kaogopa?"

"Ni wizi, baba mkubwa."

Alikichukua kikombe, hakunywa, akakirudisha. Nje mbuzi wa jirani alikuwa akijikuna kwenye ukuta wetu.

"Wasomi mna mambo," alisema hatimaye, sauti yake bado ya upole. "Mtu kanyamaza, hajakataza, hajaenda kwa mwenyekiti, hajaenda popote. Halafu aje mtoto aseme wizi." Akamgeukia mama. "Shemeji, wewe unamsikia mwanao? Nawe unasema hivyo?"

Mama hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kupita kwenye mchele, vikatoa jiwe moja dogo, vikaliweka pembeni. Nilitamani aseme hapana. Mungu anisamehe, kwa hofu niliyokuwa nayo saa ile nilitamani aseme hapana, amsifu shemeji yake, amwongeze chai.

"Mimi sikusoma, shemeji," alisema. "Lakini siku ile ulipokuja na vibarua, sikucheka."

Baba mkubwa alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Aliokota kofia yake mezani, akaivaa, akaivua akaikung'uta, akaivaa tena. Alitafuta ndara zake kwa mguu, akatoka bila kuaga, yeye ambaye hakuwahi kutoka kwetu bila kuaga.

Mama aliuweka ungo chini. Alisimama, akaenda mlangoni, komeo likakosa tundu mara ya kwanza, akausukuma mlango kwa bega na kuufunga.