Sahani Zilizokoma Kupanda Ngazi

Mara ya mwisho dadangu kuteremka ngazi za nyumba yake ilikuwa siku tuliyompeleka kwa daktari wa mifupa. Kuteremka kulituchukua nusu saa. Kupanda kulituchukua tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Nyumba yake ni ya mawe, hapa Kibokoni katika Mji wa Kale, naye anakaa orofa ya pili. Ngazi ni nyembamba, vidato ni virefu, na waliovijenga hawakumfikiria mwanamke wa leo. Mimi nilikuwa nyuma nikimsukuma. Jirani wa chini, bibi wa rika la marehemu mama yetu, mwembamba lakini mwenye nguvu kutushinda sote, alikuwa mbele akimshika mkono na kumsomea dua. Kila baada ya vidato vitatu dada aliketi na kulia, naye si mtu wa kulia.

Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka. Goti la kulia limekwisha, dawa yake ni kulibadilisha, na yeye hatalibadilisha mpaka kilo ishirini zitoke.

"Zitoke ziende wapi?" dada alimuuliza.

Daktari hakucheka. Alimwandikia mazoezi ya kunyoosha miguu akiwa amekaa, akampa miadi baada ya miezi sita. Tuliporudi juu, dada akiwa amelala kitandani na buibui lake, aliniambia jambo moja tu. "Nataka nishuke hapa kwa miguu yangu. Sitaki kushuka kwa jeneza." Nikamwahidi. Mimi ni mwepesi wa kuahidi, na nikishaahidi huwa mkali.

Kazi yangu ni ushonaji wa nguo za kike, mwaka wa thelathini sasa, kwa hiyo habari ya miili ya wanawake wa Mombasa msinisimulie. Imepita mikononi mwangu. Nilipoanza, futi yangu ya kupimia ilimzunguka bi harusi kiunoni na nikabaki na kipande kirefu cha kuchezea. Siku hizi kuna wateja ninaowapima nyonga kwa kushikilia ncha mbili kwa vidole, nikijifanya zimekutana. Wengine wameacha kupimwa kabisa. Wananiambia, "Nishonee dera, fundi, dera halina kipimo." Ni kweli. Dera halina kiuno, halibani, halimwambii mtu neno. Mwanamke anaweza kuongezeka kilo thelathini ndani ya dera asijue mpaka siku ya kupanda ngazi.

Wala sijitoi. Nilipoposwa, mama mkwe alinifinya mkono wa juu akasema hapa hapana kitu, na kwa miezi mitatu nililishwa kama mtu anayetibiwa. Kwetu mwanamke akikonda huulizwa ana nini, na akinenepa hupongezwa mumewe. Tulipovunja ungo tuliwekwa ndani, mbio zikaisha siku hiyo. Sasa hatuwekwi ndani na mtu, lakini kutoka hapa mpaka sokoni Marikiti, mwendo wa dakika chache, tunapanda tuktuk. Zamani kidogo, kabla ya goti la dada kuharibika, niliwahi kumchukua kila Jumapili twende Kizingo tukatembee ufukweni. Tulitembea Jumapili mbili. Jumapili ya tatu tulikaa ukutani kama watu wengine wote, tukala mihogo ya kukaanga na pilipili, tukasema upepo ni mzuri. Mwili wangu na wake ni mmoja. Tofauti yetu ni kwamba nyumba yangu mimi haina ngazi.

Basi nikaanza kumpikia mimi. Mchicha bila nazi, samaki wa kuchoma, chapati moja isiyo na mafuta. Nilikwenda mara mbili kwa siku, na mizani niliinunua mwenyewe. Mwezi ukapita, mizani ikapanda.

Sababu ilikuwa sahani. Dada ni mjane na wanawe wawili wako Uarabuni. Majirani walimwangalia kama tunavyomwangalia mtu kwetu, yaani kwa kumpelekea chakula. Jirani wa chini alipeleka mahamri na mbaazi asubuhi. Nyumba ya pili ilipeleka wali wa nazi, ya tatu biriani ya Ijumaa, nyingine sambusa au mkate wa sinia. Na sahani haikupanda peke yake. Mwenye kuileta alipiga hodi, akaketi, akafunua kawa ili mgonjwa aone, akangoja aonje, na huku nyuma habari za mji mzima zikamwagwa. Dada naye hakuruhusu sahani ya mtu irudi tupu. Alitia alichonacho, hata kama ni ndizi mbili au chembe za halwa, nayo ikashuka na kitu, na kesho yake ikapanda tena.

Nilimwambia akatae.

"Nimrudishie mtu chakula chake? Wewe wataka nitengwe."

Ndipo nilipofanya nilichofanya. Ijumaa moja, baada ya sala ya adhuhuri, nilivaa buibui langu nikazunguka nyumba tano. Nilianzia kwa jirani wa chini.

"Bibi, nimekuya na ombi," nilimwambia.

"Sema, mwanangu."

"Naomba musimpelekee dada chakula. Daktari amekataza. Akila hivi halipati goti jipya, na asipolipata hashuki tena."

Alinyoosha ukingo wa leso yake.

"Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, bibi. Ni kitamu mno. Lakini chamuua."

Nilisema hivyo. Neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu, na kila mara naona haya upya. Yeye alisema, "Haya, mwanangu, tumesikia," akanimiminia kahawa, akanisogezea halwa. Katika nyumba zote tano nilipokewa vizuri, na katika zote tano nilikula, kwa kuwa sikuweza kukataa. Nilirudi nyumbani nimeshiba halwa na nimejaa fahari.

Sahani zilikoma siku ile ile. Wiki ya pili mizani ilishuka kilo mbili, wiki ya nne kilo tano. Niliwasimulia wateja wangu. Nilimwambia mmoja, ambaye naye goti lilikuwa limeanza kumuuma, kwamba watu wetu wanakosa mtu mkali tu. Namkumbuka alivyonitazama, akitamani awe na ndugu kama mimi.

Dada aliuliza siku ya tatu.

"Wa chini ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Amesafiri?"

"Hapana, yuko."

"Mbona hayi?"

Nilimwambia bibi ana wageni. Baadaye nilimwambia kuna harusi ya jamaa zake. Sikumwambia ukweli kwa sababu nilijua angenifukuza, na mizani ilikuwa inashuka. Lakini hata mimi nilishaona. Hakuna aliyepanda zile ngazi isipokuwa mimi. Katika mtaa wetu mwanamke haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Ni aibu, na aibu hiyo ni kubwa kuliko kutokwenda kabisa. Nilidhani nimezuia wali, kumbe nilizuia watu.

Ilipofika mwezi wa tatu dada alikuwa amepungua kilo tisa, na kila nilipompima nilimwambia anapendeza. Hakuwa anapendeza. Aliacha kujifukiza udi. Aliacha kuchana nywele. Nilimkuta amelala saa nne asubuhi, nikamkuta amelala alasiri, na sahani yangu ya mchicha iko pale pale nilipoiweka. Alikuwa akikaa dirishani kuwaangalia wapita njia, kisha hata dirisha akaliacha. Siku moja nilimkumbusha mazoezi ya daktari, nikamwambia zimebaki kilo kumi na moja tu, avumilie, atashuka.

"Nishuke niende kwa nani?" akasema. "Kama hawayi kwangu, nitakwenda kwa nani?"

Nilikwenda jikoni nikajifanya naosha vyombo.

Siku ile ile nilipiga hodi kwa jirani wa chini, safari hii bila fahari. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilikosea, ampelekee dada chochote, hata biriani, hata mafuta matupu, mradi apande. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Sina kinyongo nawe," alisema. "Lakini mwanangu, wewe ulikuya hapa ukasema chakula changu chamuua dadako. Na wenzangu uliwambia hivyo hivyo. Sasa nikipanda nacho, kisha Mungu akamtaka, itasemwaje? Itasemwa nani alimlisha."

"Basi panda bila chakula, bibi. Kaa naye tu."

Alinitazama kama niliyemwambia atoke barazani kichwa wazi.

"Mikono mitupu? Kwa mgonjwa?"

Nyumba nyingine nne zilinijibu inshallah. Sisi tunajua inshallah ya aina hiyo. Hakuna aliyepanda.

Nilijichukia, na nikijichukia huwa siwezi kukaa bure. Kila jiko la Mji wa Kale lina vyombo vya watu, vilivyokuja na kitu vikasahauliwa, na mimi nilikuwa na sahani ya jirani wa chini tangu Ramadhani, ile yenye maua ya samawati ukingoni. Nilikanda mahamri. Nilipika mbaazi kwa tui zito, nikatia chumvi kama anavyotia yeye, nikafunika kwa kawa, nikapanda.

"Wa chini akusalimu," nilimwambia dada. "Ana shughuli, amenipa nikuletee."

Aliketi kitandani. Aliishika sahani kwa mikono miwili, akaliangalia ua la ukingoni muda mrefu. Akaonja.

"Iliki imezidi," akasema. "Yeye hatii iliki hivi."

Aliendelea kula. Alikula mahamri yote sita, akafuta mbaazi zote, akaniuliza kama wale wageni wa bibi wameondoka. Nikasema wameondoka. Akaniuliza ile harusi ilikuwaje, nami nikamtungia harusi nzima, bi harusi, nguo zake, nani alikasirikiwa. Alicheka mara moja. Sijui alikuwa anamcheka nani.

Tangu hapo napika kila siku, kwa sahani ya bibi au kwa sahani za nyumba nyingine, maana zote ninazo. Dada amerudi kujifukiza udi. Kilo tisa zimerudi, na nyingine zimekuja nazo. Miadi ya daktari ilipita tukiwa tunakula, hatukwenda, wala hakuna aliyeitaja. Mizani nimeisukuma chini ya kitanda. Najua ninachomfanyia. Najua atashuka vipi, na najua ni wanaume wangapi watahitajika kumzungusha katika zile kona mbili za ngazi. Namlisha kwa kujua, kwa sababu nimekwisha kumwona akiwa mwembamba na peke yake.

Leo alinipokea amekaa kwenye kibao mbele ya jiko, jasho linamtoka, anakaanga kaimati. Alikuwa amejikokota kutoka kitandani kwa kushika ukuta. Kaimati zilimchukua saa nzima, na mara mbili ilibidi aache ashike goti. Alizipanga kwenye ile sahani ya maua ya samawati, akazimwagia shira, akazifunika.

"Mpelekee wa chini," akasema. "Mwambie nimemtamani. Mwambie asinisahau."

Nilishuka nayo. Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa, na ndani nilimsikia akizungumza na mtu, sauti yake ile ile ya kusomea dua. Niliinua mkono nibishe. Kisha nikafikiri, nitamwambia nini. Kwamba ni shukrani kwa chakula ambacho hakukipika, kutoka kwa mtu anayedhani, au anayejifanya kudhani, kwamba alikipika.

Nikakaa kwenye kidato cha mwisho, nikaweka sahani mapajani. Kaimati zilikuwa bado za moto. Nilikula moja, nikala ya pili, nikazila zote mpaka shira ya chini, maana siwezi kutupa kazi ya mkono wake, na ile sahani ninaihitaji tupu kesho asubuhi.