Mgomba Uliozikwa Badala ya Auleria

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, kijijini Ntobeye kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri, na ukungu haukutoka bondeni hadi saa sita. Siku hiyo Auleria alizikwa.

Kwa miaka mingi alikuwa akicheza filamu zisizo na maneno. Clever, mpiga picha wa Ngara mjini, hakuwa na kinasa sauti cha kuaminika, na watazamaji wake gulioni Nyakahura walikuwa wa lugha nyingi. Basi Auleria alisema kwa macho na mabega. Alikuwa mke aliyefukuzwa, kipofu, mchawi. Picha zikiisha, alirudi kupalilia maharage.

Safari hii alitakiwa kufa. Alipoliona jeneza, akakataa kulala.

"Mchawi mzima unaogopa mbao!" Clever alimtania.

"Lala wewe, nikupige picha mimi."

Clever akakata mgomba, akauviringisha kwa kitenge cha Auleria, wakauzika bila jeneza nyuma ya nyumba ya Secilia, mama yake Auleria. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mama. Kwao, mgomba huzikwa mtu akipotea na mwili usipatikane. Baada ya hapo hatafutwi tena.

Secilia alitoka shambani akakuta kitenge kikishushwa. Akatupia udongo wake. Auleria alikuwa amesimama karibu yake kabisa.

Jioni alimsalimu. "Shikamoo, mama."

Secilia aliendelea kuchochea moto.

"Mama, ni mimi. Ilikuwa picha tu."

Secilia alipakua sahani moja, akala. Jirani yao Kezia alipopita, Secilia akamwambia, "Tumemzika vizuri. Mvua haikutusumbua."

"Si huyu hapa, shangazi?" Kezia alicheka. Alipoona Secilia anatazama pale anapooneshwa na haoni kitu, akaacha kucheka.

Wiki tatu zilipita hivyo, mvua ikinyesha kila siku. Mwishowe Auleria alichukua jembe mchana kweupe, akafukua. Fundo la kitenge lilikuwa vilevile. Ndani hamkuwa na kitu, na nguo ilikuwa kavu.

Akamwekea mama kitenge mapajani. "Tazama. Hakuna mtu humu."

Secilia alikipapasa, akakikunja vizuri. "Kumbe ameshaondoka," alisema.

Asubuhi iliyofuata Auleria alioga, akavaa viatu vya kanisani, akazunguka hadi mlango wa mbele na kubisha hodi.

"Shikamoo."

Secilia aliinua uso, akamtazama sawasawa.

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Auleria aliingia, akaketi alipooneshwa.