Koti la Mkwe Ndani ya Ndege

Kazi yangu ni ya kuhudumu ndani ya ndege, ile jeti ndogo inayotoka Nairobi kuja Eldoret, ambayo ndiyo tunaitegemea sisi watu wa Kitale na Bungoma. Shule niliishia kidato cha nne, halafu kozi fupi, kwa hivyo nikieleza mambo ya mitambo mnivumilie. Ninachokijua ni swichi yangu ya joto. Iko ukutani karibu na mlango wa mbele, pale kwenye kiti kidogo ninachokalia nikiwatazama abiria. Ni ya kuzungusha, kama ya jiko la gesi. Huku ni baridi, kule ni joto. Haifanyi kazi mpaka rubani aniachie kutoka upande wake. Akiniachia, hewa ya ndege nzima iko mkononi mwangu, na swichi ni moja tu.

Mtu anaweza kudhani ni kama mfereji wa maji, ukifungua yanatoka. Sivyo. Unazungusha kidogo, unangoja. Ukikosa subira ukaongeza, joto linakuja lote pamoja baadaye, na watu wanaanza kujipepea na zile kadi za usalama. Hilo limenipata, na sio mara moja. Sidhani nimeiweza kabisa hata leo.

Tena watu hawafanani. Mtu wa Kitale hupanda na jaketi na bado anafurahia upepo. Mtu wa Bungoma, kwetu nilikozaliwa, upande wa Mabanga, akipigwa na hewa kidogo anauliza kama kuna dirisha liko wazi. Lakini nisiwasingizie. Wako watu wa Kitale wanaoogopa baridi, na mimi ninayeishi huko miaka yote hii ni mmoja wao.

Siku ninayoikumbuka, alitangulia kupanda mama mmoja mzee aliyekuwa ametoka kutibiwa kifua Nairobi. Nilimketisha mstari wa kwanza, kwenye kile kiti cha peke yake. Alinieleza kwa Kibukusu kwamba anarudi nyumbani karibu na Kibabii, na kwamba daktari amemkataza baridi. Nikamwambia sawa mama, nitaangalia.

Nyuma yake akaja mwanamume mnene kidogo, suti nzito, kizibao ndani, na juu ya hayo yote koti refu la kule Kitale. Alipomwona yule mama alisimama palepale mlangoni akageuza uso. Mama naye alikuwa ameshageukia dirisha.

"Madam," akaninong'oneza, "huyo ni mamamkwe wangu. Si unitafutie kwingine?"

Kiti chake kilikuwa ng'ambo ya njia, mkono mmoja tu kutoka kwa mama. Mke wake ndiye alinunua tiketi kwa simu, akataka mama yake awe na mtu wa karibu, na siwezi kumlaumu kwa hilo. Ila kwetu mkwe na mamamkwe hawakai pamoja, hawasalimiani kwa mkono, na mkwe havui koti mbele yake. Kubaki na shati mbele ya aliyemzaa mke wako ni kama kubaki uchi. Wako wanaosema hayo yamepitwa na wakati, na huenda wana haki. Yeye hakuwa mmoja wao.

Ndege ilikuwa imejaa. Bwana mmoja mwenye kompyuta, mstari wa nyuma yao, alikubali bila shida kubadilishana naye, lakini ndege ilikuwa imeshaanza kutembea, nikawaambia wangoje tukishafika juu. Tulipofika juu tukakuta mawingu, ndege ikawa inatikisika, taa ya mikanda haikuzimwa, na mimi mwenyewe nikaamriwa niketi. Kwa hivyo tukabaki watatu, mimi nikiwatazama wao, wao hawatazamani.

Kabla ya watu kupanda nilikuwa nimeweka baridi, maana ndege ilikuwa imekaa juani. Baridi hiyo sasa ndiyo ilikuwa inafika. Mama akaanza kukohoa. Nikazungusha kidogo upande wa joto, nikangoja. Mama akatulia, na jasho likaanza kumtoka mkwe. Lilishuka kwenye paji la uso likaingia kwenye kola. Akafungua tundu la hewa juu ya kichwa chake, upepo ukavuka njia ukampiga mama, mama akakohoa, naye akalifunga haraka kama mtu aliyekutwa kwenye shamba la mahindi ya wenyewe. Nikarudisha swichi. Kikohozi. Nikaongeza. Jasho. Nilikuwa kama mtu anayetilia sukari watu wawili kwenye kikombe kimoja cha chai.

Midomo ya mkwe ikapauka, kichwa kikaanza kulala upande. Niliogopa atazimia. Nilimsihi avue koti tu, si lazima suti. Akatikisa kichwa, akasema heri azimie. Hapo sikujua haki iko wapi, kwa mama mgonjwa au kwa huyu anayepikwa mbele yangu.

Ndipo mama akasema, uso bado uko dirishani, "Msichana wangu. Huyo mtu hapo anapumua kama ng'ombe wa kulima. Ni mzima kweli?"

"Anasikia joto, mama."

"Mwambie avue koti."

"Mama anasema uvue koti," nikamwambia, na alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie mama siwezi."

"Anasema hawezi."

"Mwambie hivi, binti yangu akiwa mjane kwa sababu ya koti, nitamfuata huko huko kaburini nimwulize."

Bwana wa kompyuta akajifanya anapiga chafya. Mama akashika leso iliyokuwa mabegani, akajifunika kichwa chote mpaka kifuani, akachomeka ncha chini ya mkanda.

"Mimi nimelala. Sioni mtu."

Mkwe akavua koti, akavua na lile la suti, akafungua kizibao. Shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Halafu akaninyooshea lile koti refu, kwa ishara, nimfunike mama. Sikujua kama inafaa, nikauliza.

"Koti la mkwe?" sauti ikatoka ndani ya leso. "Bana, nikishapona kifua anataka nife na aibu?" Lakini alikuwa anacheka, na kicheko hakikuleta kikohozi. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa inampasha joto humo ndani. Nikaweka swichi katikati, nikaondoa mkono.

Nilipomsimulia mama yangu kule Mabanga, alisema ningempa yule mama mgonjwa sweta yangu tangu mwanzo, mambo yaishe. Sweta ilikuwa imetundikwa kabatini nyuma yangu. Nafikiri alikuwa na haki.

Tulipotua, mkwe alikuwa anavaa kwa haraka, vidole vinateleza.

"Tumefika?" mama akauliza kutoka ndani ya leso.

"Tumefika, mama."

"Amevaa?"

"Amevaa."

"Vifungo vyote?"

Nikamtazama. Alinikazia macho, ananiomba niseme ndiyo.

"Kimoja bado, mama."

"Basi tumngoje."

Tukamngoja, mimi na mama na abiria wote waliosimama na mizigo yao, mlango ukiwa bado umefungwa.