Kuku Wanne wa Ikungi

Mume wangu ameniomba jambo hili nisilisimulie kanisani, kwa hiyo nalisimulia hapa, na mkishamaliza kucheka mniombee, maana mimi mwenyewe nikikumbuka nafunika uso kwa kanga hata nikiwa peke yangu jikoni.

Mwanangu wa kwanza, Ezekia, ni bwana shamba huko Ikungi, Singida, na amepanga chumba uani kwa Mzee Saidi na mkewe Mama Hadija, Wanyaturu, Waislamu wa swala tano. Mwaka juzi Ezekia aliugua homa ya matumbo, na sisi tuko Makete, safari ya siku mbili, tena mvua ilikuwa imekata barabara, basi huyo Mama Hadija ndiye aliyemkorogea uji na kumfulia mashuka mpaka mtoto akasimama. Tangu hapo anakula kwao kila jioni, na Mzee Saidi akimtaja kwa watu anasema "kijana wangu". Nilisema siku nikifika Ikungi lazima niwapikie watu hawa chakula cha shukrani, wale mpaka washindwe kuinuka.

Mwezi wa kumi tukafunga safari, mimi, Baba Ezekia na kitinda mimba wetu Neema (yeye aliiita likizo ya familia, amezitoa wapi hizo likizo sijui). Nilishuka kwenye basi nimevaa sweta mbili, kama ninavyovaa kila siku ya Mungu kwetu, na kabla sijafika kwenye mizigo nilikuwa nimeshavua zote na natafuta cha kuvua kingine. Jua la kule halina salamu. Watu wanatembea tu, wanacheka, na mimi natafuta kivuli cha nguzo ya umeme.

Siku ya tatu, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya chakula. Ezekia alinunua majogoo manne ya kienyeji, akayafunga miguu, akaniambia, "Mama, kuku usiwaguse. Mzee Athumani atakuja saa nne kuwachinja, msubiri yeye." Kisha akawachukua baba yake na Neema wakaenda Singida mjini kuliona ziwa.

Hakusema kwa nini nisubiri, na mimi nikajipa sababu yangu. Niliona mtoto ananionea aibu. Kwetu mwanamke akishika kisu cha kuku huku wanaume wapo anaonekana jeuri, lakini Baba Ezekia akiona damu anatafuta pa kukaa, kwa hiyo nyumbani kwangu tangu niolewe mchinjaji ni mimi, na watoto wote wanajua. Nikasema moyoni, haya, Ezekia amekuwa mtu wa ofisi, hataki Ikungi ijue mama yake ni mwanaume.

Saa nne ikafika, Mzee Athumani hayupo. Saa nne na nusu hayupo. Wageni wanakuja saa saba, na jogoo la kienyeji la Singida si la kuchemka mara moja ukaita watu mezani, lile linataka kuni na uvumilivu. Saa tano nikasema, ngoja ngoja huumiza matumbo, nikachukua kisu. Ilipofika saa tano na nusu, kuku wote wanne walikuwa wameshanyonyolewa, wamekatwa na wako jikoni, na mimi najisifu kwa mikono myepesi.

Ndipo nikasikia hodi. Mzee mwenye kanzu, kofia na kisu kilichofungwa kwenye kitambaa safi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaanza kuomba radhi kwamba alikuwa mazikoni na yamechelewa, halafu macho yake yakaangukia manyoya kwenye beseni.

"Kumbe wameshachinjwa," akasema. "Kachinja nani?"

Sasa jamani, jibu la swali hili ni neno moja. Lakini niliona haya, mimi mwanamke, nina damu kwenye kiwiko, mbele ya mzee wa watu aliyetembea juani na kisu chake, na kabla sijafikiri mdomo ukasema, "Mzee Saidi mwenyewe."

Uso wake ukafunguka. "Alhamdulillahi. Afadhali, maana Saidi namjua, nyama asiyojua mkono ulioichinja haigusi." Akageuka, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama na mwiko. Mwili mzima ukawa wa baridi, katika joto lile, baridi ya Makete kabisa. Kijijini kwetu hakuna msikiti, tunachinja tunakula, hakuna anayeuliza, na katika akili yangu yote ya kupanga chakula cha shukrani sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba Waislamu hawawezi kula kuku niliyemchinja mimi, Mlutheri, bila hata bismillahi. Hapo ndipo pa kumkimbilia yule mzee, nimwambie ukweli, tununue kuku wengine. Tungechelewa kula, basi. Badala yake nikafunika sufuria, nikajiambia kuku akishaiva nani atamjua.

Ezekia akarudi. "Mama, Mzee Athumani alikuja?"

"Alikuja," nikasema, na wala haukuwa uongo, jambo ambalo ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka.

Saa saba Mzee Saidi na Mama Hadija wakavuka uani, wamevaa nguo za Idi. Tukaketi mkekani barazani kwa Ezekia, masinia yakashushwa, harufu yenyewe ilikuwa ya kumsifu mpishi. Tukanawa mikono. Mzee Saidi akanigeukia kwa upole, akasema, "Mama Ezekia, samahani, siulizi kwa ubaya. Kuku kachinja nani?"

"Mzee Athumani," nikasema.

Na mwanangu, masikini, akaitikia kwa furaha, "Nilimwagiza mwenyewe, baba, nilijua utauliza."

Mzee Saidi akatabasamu, akasema bismillahi. Mama Hadija akamega tonge la ugali, akachovya mchuzini, akala. Mzee mwenyewe ameshika paja, ndiyo anataka kulipeleka mdomoni, tukasikia "Asalaam aleikum" kwenye mlango wa ua. Ezekia akainuka mbio. "Karibu, Mzee Athumani, tulidhani hutakuja." (Alikuwa amemwalika chakula. Angeniambia mapema. Lakini ningesemaje?)

Mzee Athumani akaketi, akanawa, akampiga mwenzake begani. "Saidi, leo umenisitiri. Natoka mazikoni mbio mbio, nafika nakuta umeshawachinja wote."

"Nimewachinja nani?"

"Hawa kuku. Mama kaniambia ni wewe."

Mzee Saidi akamtazama Mzee Athumani, wakatazamana, halafu wote wawili wakanitazama mimi. Baba Ezekia akaanza kukohoa kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho. Neema akatazama sinia. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Ikungi ni ngumu, hasa mwezi wa kumi.

"Ni mimi," nikasema. "Nimewachinja mimi."

Mama Hadija akainuka taratibu, akashuka uani. Tukamsikia anasukutua, anatema, anasukutua tena, na kila akitema nilihisi ananitema mimi. Mzee Saidi akalirudisha lile paja kwenye sinia, akalilaza pembeni vizuri kabisa.

"Mke wangu amekula bila kujua, Mungu hatamwandikia dhambi," akasema. "Na kuku ni kuku tu, mama, ungeniambia tungecheka, tungekula ugali mkavu. Lakini huyu kijana tangu aje kwangu hajawahi kuniambia neno nikalikuta si kweli. Leo ameniambia. Na hakulijua, amelipokea kwako."

Wakaondoka, watatu wote, kwa adabu, wametuaga mmoja mmoja. Jioni Ezekia hakwenda kula kule ng'ambo ya ua. Alikaa kitandani amevaa viatu, hakunigombeza, na laiti angenigombeza ningepata nafuu. Akasema tu, "Mama, mimi bado naishi hapa."

Sikulala. Kulipokucha nikavuka uani peke yangu, nikamkuta Mama Hadija anapeta mtama, nikapiga magoti kwenye makapi. Nikamwambia nimekosa, nimeona haya ya kitu kidogo nikafanya kikubwa, na mtoto hana kosa, anisamehe mimi au asinisamehe, ila mtoto asimwondoe kwenye sahani yake. Aliendelea kupeta. Akasema kitu kwa Kinyaturu kuelekea ndani, Mzee Saidi akajibu kwa neno moja, na mimi sikuambulia kitu.

Kisha akaweka ungo chini. "Chakula cha Ezekia jana kililala," akasema. "Tumemsubiri mpaka tukachoka. Mwambie aje akile kabla hakijachacha."

Nililia pale kwenye makapi kama mtoto, mtu mzima mimi.

Siku ya kuondoka Mzee Saidi alinisindikiza stendi na jogoo jekundu kwapani. Akanikabidhi. "Huyu kamchinje mwenyewe, Mama Ezekia," akasema, hacheki hata kidogo. "Na wakikuuliza kachinja nani, sema." Mama Hadija, nyuma yake, alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika.

Jogoo lile lilifika Makete salama. Krismasi Baba Ezekia alinoa kisu akaniletea, nikakishika, nikakirudisha. Lipo mpaka leo, linakula mahindi yangu bure na kuwika saa isiyo yake, na jirani akiniuliza mbona hulichinji, nimeapa simfichi mtu kitu tena, nampa kiti akae, namweleza yote, hata pale Mama Hadija alipokuwa anasukutua.